Acheni Ennanga Ivume

Ukishika ennanga iliyotengenezwa kwa namna ya zamani, jicho hukimbilia bakuli na shingo iliyopinda. Pete hazionekani haraka. Ziko nane, moja chini ya kila kigingi, zimevikwa shingoni: nyuzinyuzi za mgomba zilizosokotwa na kuviringwa, na juu yake ngozi ya kenge iliyoshonwa ikakazwa. Uzi unaposhuka kutoka kwenye kigingi kwenda kwenye ngozi ya bakuli hupita karibu kabisa na pete yake, na ukipigwa hutetemeka hadi ukayagusa magamba. Sauti inayotoka ina vitu viwili ndani yake. Upo mlio wa uzi wenyewe, mwororo. Na juu yake upo mvumo mkavu wenye mkwaruzo, unaobaki hewani baada ya kidole kuondoka.

Hiki ni kinubi cha Waganda, kilichopigiwa Kabaka, mfalme wa Buganda, katika ikulu ya Mengo na nyingine zilizotangulia. Leo utakiona Kampala katika maduka mengi ya vitu vya sanaa, na nyingi ya hizo ennanga za madukani hazina pete. Fundi mmoja aliniambia kwamba wateja walikuwa wakizirudisha, wakisema chombo kina kasoro, nyuzi zinagusa mahali. Basi akaziondoa. Namwelewa, maana kazi hiyo ndiyo inayosomesha watoto wake. Lakini ennanga isiyovuma ni kitu kingine chenye umbo la ennanga, na hilo nataka kulieleza kwa urefu. Kwa miaka kadhaa sasa jioni zangu na Jumapili zangu zimekuwa za kutengeneza vyombo vya nyuzi vya kale, na karibu kila ninachokijua kuhusu ufundi huu nimekijua kwa kuutafuta mvumo huo.

Kazi inayonilisha ni kusuka upya mota za umeme, pale Katwe. Siku nzima mikono iko kwenye waya wa shaba. Nimekulia Arua, mji ambao ukienda sokoni unanunua nyanya kwa Kiswahili, unapunguziwa bei kwa Kilingala na unasalimiwa kwa Kilugbara. Huko kwetu West Nile kinubi kinachojulikana ni adungu, cha Waalur wa Nebbi na Pakwach, na mimi nilikisikia kanisani kabla sijajua kusoma. Adungu siku hizi hutengenezwa kwa ukoo mzima: ndogo ya sauti nyembamba, za kati, hadi ile kubwa ya besi ambayo mpigaji huikalia kitako pembeni. Zimepangwa kwa ngazi ya do-re-mi ili ziendane na nyimbo za kwaya na gitaa. Naipenda adungu hadi leo, na nimetengeneza kadhaa. Ila adungu ilikwisha kukutana na kinanda cha kanisa, wakasikilizana, ikajirekebisha. Nilitaka kujua vinubi vya nchi hii vilisikikaje kabla ya mkutano huo.

Mtu akitaka kujua hilo Uganda ana pa kuanzia. Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia jengo lake la sasa kule Kitante mwaka 1954, lina chumba cha ala za muziki ambacho peke yake kinatosha kumpotezea mtu siku. Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa msimamizi wa makumbusho hayo kuanzia 1948 hadi 1957, na uamuzi wake uliokuwa bora kuliko yote ulikuwa kutoziacha ala zilale kwenye makabati. Alileta wapigaji. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu, alipiga na kufundisha humo. Halafu kuna sauti zenyewe: Wachsmann alirekodi sehemu nyingi za Uganda, na Makerere ina hifadhi ya muziki yenye jina lake, naye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita hapa mwaka 1950 na 1952 na kumrekodi Temusewo Mukasa, mpiga ennanga wa Kabaka. Msikilize Temusewo Mukasa. Aliyezoea gitaa atadhani spika imepasuka. Sikiliza tena, na tena, mpaka sikio liache kupigana na mvumo. Hapo utagundua kwamba mvumo ndio unaoishikilia noti isife, na kwamba sauti yake ya kuimba, nayo yenye mkwaruzo, imekaa humo ndani pamoja na nyuzi, hazitengani.

Basi nilianza na mti.

Watu wengi huniuliza kwa nini siendi Ndeeba, ambako mbao za Kampala nzima hupatikana. Naenda, kwa mambo mengine. Bakuli la ennanga halitoki kwenye ubao. Linatoka kwenye gogo, na gogo lenyewe linatakiwa liwe bado na maji yake. Mimi hutumia mringaringa, ambao Waganda huuita mukebu, mti uleule wanaoupenda wachonga ngoma. Nanunua kwa wakulima upande wa Mukono wanapopunguza miti kwenye kahawa yao. Gogo napasua katikati kwa urefu, na jambo la kwanza kabisa ni kukitoa kiini cha mti. Kiini kikibaki ndani ya bakuli, nyufa zitaanzia hapo na kutawanyika, uwe umekausha kwa uangalifu wa namna gani.

Nje nachonga kwa tezo, ndani kwa bobari. Mti mbichi unakatika kwa utamu sana. Vipande vinaruka vyenye unyevu na harufu tamu kidogo, na ukipata mdundo wa mkono unaweza kusahau chakula cha mchana. Kuta naziacha nene kwanza. Kisha bakuli linaingia guniani pamoja na maranda yake lenyewe, yale yale niliyoyachonga, na gunia linakaa kivulini, mbali na upepo. Ncha zinazoonyesha mwisho wa nyuzi za mti nazipaka nta ya mishumaa, kwa sababu maji hukimbilia kutokea huko na huko ndiko kunakopasuka kwanza. Kila baada ya siku chache nafungua gunia, napindua, nanusa. Harufu ya ukungu ikizidi, nayatoa maranda yaliyolowa na kuweka makavu. Kati ya Machi na Mei, mvua zikiwa zimeshika, bakuli linaweza kukaa humo muda mrefu bila kubadilika uzito, na hapo hakuna njia ya mkato. Likishakauka ndipo ninapolipunguza hadi unene wake wa mwisho, kwa kulishika kati ya gumba na kidole cha shahada na kulipita lote taratibu, huku nikiligonga kwa kifundo cha kidole. Mahali penye unene pana sauti butu. Ukishaisikia tofauti hiyo, huhitaji kipimo cha chuma.

Shingo ni habari nyingine. Hiyo lazima itoke kwenye tawi lililojipinda lenyewe shambani. Ukichukua ubao ulionyooka na kuukata upinde kwa msumeno, nyuzi za mti zinakatizwa pale kwenye kona, na pale ndipo patakapovunjika nyuzi nane zikivuta kwa pamoja. Tawi lililokua limepinda lina nyuzi zinazoufuata upinde mwanzo hadi mwisho. Natembea na jicho la kutafuta matawi. Hata ndani ya teksi ya kwenda Mukono naangalia msambya wa watu na kupima upinde kwa macho.

Na hapa ndipo ennanga inaponishangaza kila mara. Shingo haipigwi msumari wala haigundishwi. Wachsmann, alipovipanga vinubi vya Afrika katika makundi kwa kuangalia jinsi shingo inavyoshikana na bakuli, aliliita kundi la ennanga "kijiko ndani ya kikombe", na sijaona maelezo mazuri zaidi ya hayo. Shingo inaingia ndani ya bakuli na kuegemea ukingo wake, basi. Ngozi inaifunika, nyuzi zinaivuta, na mvuto huohuo unaotaka kuing'oa ndio unaoikaza mahali pake. Ukilegeza nyuzi zote, shingo inacheza mkononi. Ukizikaza, kila kitu kinakuwa kimoja. Aliyebuni hivyo aliijua nguvu ya mvuto wa nyuzi kwa undani.

Ngozi nachukua Mpambire, kijiji cha wachonga ngoma kando ya barabara ya Masaka. Ya mbuzi au ya ndama, iliyokaushwa tu bila kutiwa dawa. Inalowekwa usiku kucha, inawambwa ikiwa laini, inafungwa kwa kamba za ngozi hadi kwenye kipande kingine cha ngozi chini ya bakuli, na inakaushwa kivulini. Chini ya kiwambo hicho hupita ufito wa mti wenye matundu, na nyuzi hufungwa humo. Ukianika juani ili kuwahi, upande mmoja unakaza kabla ya mwingine na bakuli zuri linaweza kuvutwa likaenda mshazari.

Nyuzi za utumbo ndizo zilizonigombanisha na majirani. Natumia utumbo mwembamba wa mbuzi kutoka machinjioni, na lazima uwe wa asubuhi ileile. Unauosha kwa maji mengi, kisha unaulaza juu ya ubao na kuukwangua kwa mgongo wa kisu, ukianzia katikati kwenda nje, mpaka nyama yote na mafuta yote yatoke na kubaki ngozi nyembamba inayong'aa, ambayo ukiiinua juu unaona mwanga upande wa pili. Unailoweka kwenye maji ya majivu. Maji hayo huyala mafuta yaliyobaki. Ulaya nako watengenezaji wa nyuzi za utumbo walitumia maji makali ya namna hiyo kwa karne nyingi. Kisha unasokota, uzi mmoja au kadhaa pamoja kutegemea unene unaoutaka, na unautundika na jiwe chini ukauke huku umevutwa. Mama mwenye nyumba akitoka na kuukuta uzio umetundikwa matumbo husema tu, "Fundi, leo tena?" Nampelekea nyama iliyobaki ya mbuzi, na tunaendelea kuishi vizuri.

Wapigaji karibu wote siku hizi hufunga nailoni, yaani uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, na sababu zao ni nzuri. Nailoni haijali mvua. Utumbo, mawingu yakikusanyika tu juu ya ziwa, unaanza kuhama. Lakini utumbo ni mzito kidogo kuliko nailoni kwa unene uleule, na Marin Mersenne, padri Mfaransa, aliandika mwaka 1636 kanuni ambazo kila fundi wa nyuzi anaziishi hata kama hajawahi kulisikia jina lake: urefu, uzito na mvuto wa uzi ndivyo vinavyoamua sauti. Uzi mwepesi ukitaka utoe sauti ya chini, ama uunenepeshe ama uulegeze. Nailoni iliyolegezwa inayumba sana, na kwenye pete inapiga kofi badala ya kuvuma. Utumbo uliosokotwa una ukali kidogo juu ya ngozi yake na mwendo mfupi. Unayagusa magamba kwa wepesi, mara nyingi, sawasawa. Nimeweka nyuzi za aina zote mbili kwenye ennanga moja, kwa pete zilezile, na tofauti inasikika na mtu yeyote aliyesimama mlangoni.

Sasa tufike kwenye pete, maana huko ndiko nilikotaka kufika.

Ngozi ya kenge siinunui. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 hairuhusu kuwinda bila kibali, na hata kama isingekuwapo, kuua mnyama kwa ajili ya pete nane zenye upana wa kidole ni jambo ambalo siwezi kumweleza mwanangu. Nina kipande kimoja cha ngozi kilichotoka kwenye endongo, chombo kingine cha nyuzi cha Waganda, ya zamani iliyovunjika, nacho nakitumia kulinganisha tu. Swali likawa: ni kitu gani kingine chenye ukavu ule, ugumu ule, na vijiuvimbe vile vidogo ambavyo uzi unavigonga kimoja kimoja? Ngozi ya mbuzi ni laini mno. Inaumeza mtetemo na uzi unazimika. Kipande cha chupa ya plastiki kinavuma kweli, ila kwa ukali unaochosha sikio haraka.

Jibu nililipata ziwani. Sangara. Ngozi yake ni nene, na ukiyatoa magamba makubwa inabaki na mistari ya mifuko yalimokaa magamba, safu kwa safu. Ukiikausha imevutwa juu ya ubao, mifuko hiyo hukakamaa na kuwa kingo ndogo zinazopangana. Naikata mkanda mwembamba, naulowesha kidogo, naushona juu ya pete ya nyuzinyuzi za mgomba huku mifuko ikielekea juu, yaani kule uzi unakotokea. Ikikauka inakaza yenyewe. Inapoelekezwa chini mvumo unafifia, na sababu unaiona kwa jicho: uzi unateleza juu ya kingo badala ya kuzigonga.

Pete iliyokwisha kuvikwa haijamaliza kazi. Inasogezwa. Unaishika kwa vidole viwili, unapiga uzi, unaipandisha kuelekea kigingi upana wa unyoya, unapiga tena. Mbali mno, uzi unalia peke yake, mtupu. Karibu mno, unakabwa. Katikati pana mahali padogo ambapo mvumo unaanza pamoja na noti na unakufa pamoja nayo, na ukipapata kwenye nyuzi zote nane, chombo kizima kinaamka kwa wakati mmoja. Jioni ya kwanza pete za sangara zilipokaa sawa nilikaa gizani napiga uzi mmoja mmoja mpaka mke wangu akaja kuuliza kama umeme umekatika.

Nilimpelekea mzee mmoja wa upande wa Masaka, mpigaji aliyefundishwa na mtu aliyewahi kupiga Mengo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipakata, akapiga kidogo bila kusema neno. Kisha akauliza kwa Kiganda, "Mwanangu, umeweka ngozi gani hapa?" Nikamwambia, "Ya samaki, Jjajja." Akaigeuza, akaikwaruza pete kwa ukucha, akasema ya kenge inavuma chini zaidi, hii inavuma juu. Ni kweli, na mimi nalisikia hilo kila siku. Halafu akazihamisha pete mbili, akaimba.

Tulipokuwa tumekaa, nilitoa simu yenye programu ya kupimia noti. Sindano ilikataa kutulia mahali popote. Hapo ndipo sehemu nyingine ya ennanga inapojitokeza, ile ambayo mafundi wengi huipoteza pamoja na pete. Wataalamu huigawa oktava katika sehemu 1200 wanazoziita senti. Kwenye kinanda, funguo nyeusi tano zinaachana kwa senti 200 mahali pengine na senti 300 mahali pengine. Ennanga nayo ina noti tano ndani ya oktava, lakini Waganda huzigawa karibu sawasawa, yaani kama senti 240 kila hatua. Wachsmann aliupima mpangilio huu kwenye kinubi cha Kiganda na kuuchapisha katika jarida la Nature mwaka 1950. Hatua ya senti 240 haimo kabisa kwenye kinanda. Inaangukia katikati ya funguo. Nyuzi nane maana yake ni noti hizo tano, na tatu za juu zinazorudia zile tatu za chini: wa kwanza na wa sita ni ndugu, wa pili na wa saba, wa tatu na wa nane.

Kwa hiyo siipangi ennanga kwa simu. Naanza na uzi mmoja, natafuta ndugu yake, kisha nagawanya nafasi iliyobaki kwa sikio, huku rekodi ya zamani ikiwa karibu. Mzee yeye haanzi na uzi. Anaanza na wimbo. Anaupiga, pale panapomkera anagusa kigingi, anaendelea. Na hatua zikiwa sawa hivyo, jambo la ajabu hutokea: mkono wa kulia unapiga yake, wa kushoto yake, na sikio linachagua noti kutoka mikono yote miwili na kusikia wimbo wa tatu ambao hakuna mkono unaoupiga. Gerhard Kubik wa Austria, aliyekuja hapa mwaka 1959 na kujifunza kwa Muyinda, aliandika sana kuhusu nyimbo hizi zilizojificha. Mvumo unazisaidia zitokeze. Ondoa pete, noti zinakatika mapema, na zile nyimbo za ndani zinakonda.

Watu hudhani mvumo ni ushamba wa vyombo vya zamani vya Afrika. Mbira ya Zimbabwe hufungwa makombe au vizibo vya soda ili ivume. Sawa, hiyo ni Afrika. Lakini tanpura ya India ina daraja pana lililochongwa kwa ustadi mkubwa, na uzi wa pamba huwekwa chini ya kila uzi wa chuma kwa kusudi hilohilo. Na vinubi vya Ulaya vya karne ya 15 na ya 16 vilikuwa na vigingi vidogo vya umbo la L pale chini, vinavyougusa uzi ili ukwaruze. Wapigaji wa huko waliviondoa baadaye, sauti safi ikawa ndiyo sauti nzuri, na wanaovijenga upya leo wanalazimika kuyafundisha masikio yao upya. Sisi hatujafika huko. Bado tunao watu ambao masikio yao hayajawahi kuacha.

Hilo linanigusa zaidi ninapowaza habari za vyombo vilivyochimbuliwa. Leonard Woolley alipochimba makaburi ya Ur, Iraki, mwishoni mwa miaka ya 1920, mti wa vinubi vya miaka 4,500 ulikuwa umeoza wote. Alimimina plasta kwenye matundu yaliyobaki ardhini akapata umbo. Umbo tu. Sutton Hoo, Uingereza, mwaka 1939, yalipatikana mabaki ya chombo cha nyuzi sita cha karne ya 7, na wataalamu walikiunganisha kwanza kama kinubi kidogo. Mpaka ilipofika 1970 ndipo kilipojengwa tena kwa umbo lake: mikono miwili na mti wa kukingama juu, jamaa ya karibu kabisa na endongo yetu. Nimekijenga hicho pia, kwa mbao ya musizi na vipimo vilivyochapishwa, nikampa kijana anayepiga endongo. Hakuniuliza kinashikwaje. Alikipakata, akauweka mkono wa kushoto nyuma ya nyuzi, akaanza.

Uganda nusura tufike kwenye plasta. Mwezi Mei mwaka 1966 jeshi la serikali liliivamia ikulu ya Mengo, Kabaka Mutesa II akakimbilia nje, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Wanamuziki wa ikulu walitawanyika. Vyombo viliungua au viliibwa. Falme ziliporudi mwaka 1993, waliokuwa vijana mwaka 1966 walikuwa wazee, na katika miaka ile 27 ya katikati ennanga ilikuwa imeishi kwenye vidole vya watu wachache mno. Kwa hiyo napoona fundi anaondoa pete kwa sababu mtalii amelalamika, moyo unaniuma kweli. Kitu kilichonusurika bunduki kinaondolewa dukani kimyakimya.

Hivi sasa nina bakuli la endongo guniani, na kazi yake itakuwa ngumu zaidi, kwa sababu kwenye endongo hakuna pete: kiwambo chote ni ngozi ya kenge, na nyuzi hupita juu yake kwa ukaribu unaozifanya zivume. Ngozi moja ya sangara haina upana wa kutosha bakuli lenye ukubwa wa heshima. Nafikiria kuunganisha mbili kwa mshono katikati, au kuwamba mbuzi na kubandika sangara pale tu nyuzi zinapopita. Mzee wa Masaka anasema mshono utaiua sauti. Nitajaribu vyote.

Nina ombi kwa yeyote mwenye ennanga, endongo au litungu (jamaa ya endongo) ya zamani nyumbani, iliyotundikwa ukutani kwa babu Mbale, Mpigi, Iganga au popote. Kabla hujampa fundi aifunge nyuzi mpya, ipige picha kila upande ikiwa vilevile ilivyo. Pima urefu wa kila uzi kutoka kwenye kigingi au mti wa juu hadi kwenye ngozi, hata kama uzi wenyewe umekatika; tumia alama zilizobaki. Kama kuna pete, weka alama ya penseli shingoni mahali kila moja ilipo kabla ya kuigusa, maana aliyeiweka pale aliitafuta kwa sikio. Usioshe ngozi wala usipake vanishi. Na kama babu au jjajja aliyeipiga bado yupo, mrekodi kwa simu akiwa anaipanga, kabla hata hajaanza wimbo.